Lini Mlipata Nafuu? Njia Nyengine ya Kuwasaidia Wazazi Vijana Waliokosana

Aliyekulia Pemba anakijua kikao hiki. Mkeka umetandikwa ukumbini, au watu wamekaa barazani baada ya swala ya laasiri. Baba wa binti yupo, ami wa kijana yupo, pengine na sheha kaitwa. Binti kakaa nyuma ya pazia la mlango na mtoto mapajani, anasikika zaidi kuliko anavyoonekana. Kijana kainamisha kichwa. Mzee mmoja anafungua kwa dua, kisha linakuja swali: "Haya, tuelezeni, kuna nini baina yenu?"

Hapo kila mmoja anamwaga mashitaka yake. Haachi matumizi. Anachelewa kurudi. Hapokei simu. Kila jambo la ndani analipeleka kwao. Shitaka moja linazaa jengine, na jengine linataka shahidi, na shahidi naye ana jamaa wa kumtetea. Wazee wanapima, wanamkuta huyu ana kosa hili na yule ana kosa lile, wanawataka wasameheane na wavumiliane. Watu wanapeana mikono. Baada ya wiki tatu binti yuko kwao tena na mkoba wa nguo za mtoto.

Siandiki haya kuwadharau wazee. Nimelelewa na bibi aliyekuwa akiitwa kwenye vikao vya namna hiyo, na nimeona ndoa alizozinusuru. Tena Qur'ani yenyewe, katika Surat Nisaa aya ya 35, inaelekeza kwamba pakihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, apelekwe muamuzi kutoka jamaa za mume na mwengine kutoka jamaa za mke, na wakitaka mapatano Mwenyezi Mungu atawawezesha. Shaka yangu iko kwenye swali tunalofungulia. Ukianza kwa kuuliza kuna nini, utajibiwa yaliyo mabaya, na utajibiwa mengi. Lipo swali jengine la kufungulia, na kuna watu wa kazi ya ustawi wa jamii ambao wamelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 40.

Kwanza tulitatue neno, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Njia ninayoieleza huitwa kazi ya ustawi inayoegemea suluhisho. Mzanzibari akisikia hivyo anaweza kuelewa vibaya kwa namna mbili. Ya kwanza ni kudhani ni sulhu, yaani watu wawili wapatanishwe warudiane. Sivyo. Katika njia hii hakuna aliyekwisha kuamua kwamba ndoa lazima ibaki. Wawili wenyewe ndio wanaosema wanataka maisha yao na ya mtoto wao yaweje. Namna ya pili ni kudhani kwamba afisa analo suluhisho mkobani, kama mganga na dawa yake, naye kazi yake ni kuwapa. Hapo ndipo kosa lilipo kubwa zaidi, kwa sababu msingi wote wa njia hii ni kwamba suluhisho liko kwa wenye shida, vipande vipande, na mara nyingi wameshalitumia bila ya kulitambua. Waswahili tunasema siri ya mtungi aijuaye kata. Afisa ni mgeni katika nyumba ile; kata ni wao.

Ndiyo maana mimi napenda neno nafuu. Mgonjwa akitazamwa tunauliza, "Ameamkaje, kapata nafuu?" Hatumaanishi kwamba amepona. Tunaulizia zile saa ambazo homa ilishuka, akanywa uji, akazungumza. Muuguzi hodari anataka kujua zile saa zilikuwaje. Hilo, kwa ufupi wake, ndilo linalofanyika hapa.

Njia yenyewe ilizaliwa mbali na sisi, katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka 1978 mume na mke, Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, pamoja na wenzao walifungua kituo kidogo cha kuzisaidia familia. Berg alizaliwa Korea, na akaja kuwa mmoja wa waliolipeleka wazo hili kwa maafisa wa ustawi wa jamii na wa ulinzi wa watoto, wale wanaoingia majumbani mwa watu. Pale kituoni, yeye, mumewe na wenzao walikuwa wakikaa nyuma ya kioo kinachoonesha upande mmoja tu na kuangalia mazungumzo ya mwenzao na familia, huku wakijiuliza jambo moja: ni neno gani alilolisema mshauri ambalo baada yake watu walianza kubadilika? Walichokiona kiliwashangaza. Kulichimba tatizo mpaka mzizi hakukuwa sharti la mtu kupata nafuu.

Mwaka 1984 de Shazer aliandika kuhusu kazi waliyokuwa wakiwapa watu mwisho wa kikao cha kwanza. Waliwaambia, kwa maneno yangu: mpaka tutakapoonana tena, angalieni mambo yanayotokea katika familia yenu ambayo mngependa yaendelee kutokea. Hawakuambiwa wabadilishe chochote. Walitakiwa waangalie tu. Na wengi walirudi na habari ya mambo mazuri, na baadhi ya mambo hayo yalikuwa mapya. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo yakapatikana maswali ambayo leo yanatumiwa katika nchi nyingi. De Shazer alifariki mwaka 2005 na Berg mwaka 2007, lakini maswali yao yamebaki.

Kwa nini basi nawataja wazazi vijana hasa? Kwa sababu kupata mtoto wa kwanza kunaitikisa ndoa hata ya watu waliotulia. Mwaka 2000 watafiti Alyson Shapiro, John Gottman na Sybil Carrère walichapisha utafiti wa wanandoa wapya huko Marekani waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Katika wanawake waliopata mtoto, 67 kwa kila 100 walisema wanaridhika na ndoa yao chini ya walivyokuwa mwanzo. Wengi wangeishia hapo na kusikitika. Watafiti hao waliuliza pia habari ya wale 33 waliobaki, ambao hawakushuka. Wana nini? Wakakuta, pamoja na mengine, kwamba mume alikuwa anaonesha mapenzi kwa mkewe na alikuwa anayajua maisha ya mkewe, yanayomshughulisha kila siku. Kuyajua tu. Nitarudi kwenye neno hilo.

Sasa tia na mambo ya kwetu. Binti wa miaka 20 anajifungua, na kwa ada anakwenda kwao mpaka arobaini. Anakandwa, anapikiwa, anafundishwa na mama yake kumwogesha mtoto. Ni ada njema na inaokoa afya. Lakini kijana wa miaka 24 siku zile zote anakuja kumtazama mwanawe kama mgeni, anakaa ukumbini, anapewa mtoto amshike dakika kumi, anakunywa chai anaondoka. Arobaini ikitimia wanarudi pamoja watu wawili ambao mmoja ameshakuwa mzazi na mwengine bado anajifunza. Mara nyingi wanarudi chumba kimoja ndani ya nyumba ya mama wa mume. Kama ni mvuvi, anakwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, wiki kadhaa, na simu huko inashika inapotaka. Kama ni dereva wa bodaboda, pikipiki ni ya mtu na kila jioni kuna hesabu ya kupeleka kwa mwenyewe. Mke naye pengine analima mwani na anafuata bamvua, siku ambazo maji hukupwa sana, kwa hiyo kuna siku mtoto analia na bahari imekupwa na haimngoji mtu. Msimu wa karafuu ukija pesa zinakuwepo, ukipita hazipo. Hawa hawakukosana kwa sababu mmoja ni mtu mbaya. Lakini ukiwakalisha na kuwauliza nani kakosa, watajitahidi kukujibu.

Nichukue mfano. Nimeuunga kutokana na mambo yanayojulikana vijijini kwetu, si habari ya watu fulani. Ni binti na kijana wa wilaya ya Micheweni, wana mtoto wa miezi minane. Yeye kijana anaendesha bodaboda. Sheha amewaelekeza kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, mama wa makamo. Huyu kwanza amezungumza na kila mmoja peke yake, na nitaeleza mbele kwa nini hilo halirukwi. Sasa wamekaa wote watatu.

"Nashukuru mmekuja," afisa anasema. "Kabla hamjanieleza yaliyokuleteni, nakuulizeni hivi. Kikao chetu kikiwa na faida, mtakaporudi nyumbani mtaona nini hata mseme hatukupoteza nauli?"

"Atakuwa hanipigii kelele," anasema binti. Hamtaji mume jina. Anamwonesha kwa kidevu.

"Badala ya kelele atakuwa anafanya nini, mwanangu?"

Kimya. Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, na afisa mzuri anakiacha kimya kikae. Mwisho binti anasema, "Atanambia taratibu. Kama hana pesa aseme sina, nami ntajua nifanyeje."

"Na wewe, baba?"

"Mie nataka heshima tu, mama."

"Siku hiyo heshima ikiwepo, wewe ukirudi jioni utaona nini?"

Kijana anafikiri. "Ntaona ananiacha nikae kwanza. Haniulizi pesa pale mlangoni. Ananiuliza nimekula."

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu nusu ya kazi imeshafanyika na mtu anaweza kuipita bila ya kuiona. Binti alianza na jambo asilolitaka, kelele. Mtu hawezi kulifuata jambo la kutokuwepo. Huwezi kumwambia dereva "usinipeleke Wete" ukatarajia afike unakotaka. Kijana alianza na neno kubwa, heshima, na heshima haina sura, kila mmoja ana yake. Baada ya maswali mawili kelele imekuwa "aseme sina," na heshima imekuwa "aniache nikae kwanza." Ni mambo madogo, yanaonekana kwa macho, na yako mikononi mwa watu wawili hawa. Tena sikiliza vizuri: wote wawili wanazungumzia dakika tano za mlangoni jioni. Wangeulizwa kuna nini, wangefika kwenye mahari na maneno ya mawifi.

Afisa anaendelea. "Tangu mtoto azaliwe, lini mlipata nafuu? Hata siku moja."

"Hakuna," anasema kijana.

Afisa habishani, wala hasemi "haiwezekani." Anangoja. Ni binti anayesema, polepole, "Siku ile ya mvua."

Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, barabara haikupitika kwa pikipiki. Mtoto alikuwa na homa. Walikwenda pamoja kituo cha afya, yeye kijana ndiye aliyembeba mtoto ndani ya koti. Mama yake kijana alikuwa amekwenda msibani. Waliporudi alimenya muhogo wakati mke ananyonyesha, na katika kumenya akaeleza kwamba akishatoa hesabu ya mwenye pikipiki na mafuta, kuna siku hakibaki kitu, na kuna siku anadaiwa. Mke alikuwa hajui hesabu ni kiasi gani. Alikuwa akidhani kila abiria anayepakiwa ni pesa ya nyumbani.

"Uliwezaje kumwambia siku ile?" afisa anamuuliza kijana. Anauliza kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayemuuliza fundi kaipataje kazi nzuri.

"Nyumba ilikuwa yetu peke yetu. Na hakuwa ameniuliza."

"Na wewe mwanangu, ulifanya nini hata akaweza kusema?"

"Nilinyamaza nikamsikiliza. Nilimwonea huruma."

Hapo ndipo pale alipofika Shapiro na wenzake kwa njia ya utafiti: mtu kuyajua maisha ya mwenziwe. Lakini afisa huyu hakuwahubiria hilo. Wao wenyewe wamekumbuka kwamba wanajua kuzungumza habari ya pesa bila ya kelele, na wamekumbuka sharti zake: pasiwe na masikio ya tatu, na swali lisimtangulie mtu mlangoni. Swali lililobaki ni jepesi. "Kipi cha siku ile kinaweza kurudi bila ya kungoja mvua?"

Kuna swali la vipandio pia, ambalo wengi wanalijua kwa nambari kutoka 0 mpaka 10. Kwetu sipendi kuanza na nambari tupu, kwa sababu zinamkumbusha mtu mtihani wa skuli. Mwambie afikirie mkarafuu: chini ni siku mbaya kuliko zote walizopitia, kileleni ni maisha wanayoyataka. Wewe uko tawi la ngapi? Binti akisema la tatu na kijana akisema la tano, afisa hamuulizi nani mkweli. Anamuuliza binti, "Umepandaje mpaka la tatu? Kwa nini hukusema la kwanza?" Watu hawajazoea kuulizwa hivyo. Tumezoea kuulizwa kwa nini hujafika kumi. Jawabu la kwa nini si la kwanza ndilo linalotaja nguvu alizonazo. Kisha, "Ukiwa tawi la nne, ambalo si mbali, kutakuwa na nini ambacho leo hakipo?"

Swali maarufu kuliko yote linaitwa swali la muujiza. Inasimuliwa kwamba lilitoka kwa mama mmoja aliyezidiwa, ambaye Berg alipomuuliza kitu gani kingesaidia, alijibu kwamba labda muujiza tu. Berg akamwambia, haya, tuseme muujiza umetokea. Tangu hapo swali likawa hivi: umelala usiku, tatizo lililokuleta likaondoka, lakini wewe hukujua kwa sababu ulikuwa umelala. Umeamka. Kitu gani cha mwanzo kitakujulisha?

Nimesikia watu wakisema swali hili halifai Pemba, kwa kuwa muujiza ni wa Mitume na si jambo la kulichezea. Nakubaliana nao kuhusu neno; sikubaliani kwamba swali halifai. Mwambie tu, "Tuseme usiku umeomba, na Mwenyezi Mungu akakuondolea hili zito. Umeamka na adhana ya alfajiri. Utajuaje?" Hakuna mtu wa kwetu asiyeweza kulifuata hilo. Na majawabu hayazungumzii majumba wala magari. Watu wanasema: ataniamsha bila ya kunisukuma. Atamchukua mtoto mpaka nimalize kusali. Atanambia anakokwenda. Mtu akishasema hivyo, uliza tena: na mtoto wenu, lau angekuwa na ulimi, angesema ameona nini asubuhi ile? Wazazi wengi wanageuka kumtazama mtoto kabla ya kujibu.

Kuna makosa ambayo maafisa wapya huyafanya, nami naona yatajwe. La kwanza ni kuharakia sifa. Njia hii inataka juhudi za mtu zitajwe, lakini kwetu sifa tupu inamfanya mtu aone haya, au ahofie jicho. Kuuliza "umewezaje?" ni sifa iliyotulia, mtu anajisifu mwenyewe bila ya kujisifu, nawe useme mashaallah. La pili ni kurudi kwenye nasaha. Tumezoea kunasihi. Binti anasema kitu kizuri, mara afisa anadakia: "Ndiyo, mwanangu, mwanamke lazima awe na subira." Pale pale mlango umefungwa. La tatu ni kulazimisha nafuu kwa mtu aliyezama. Kuna anayekwambia hakuna siku hata moja, na anasema kweli. Huyo haulizwi habari za siku ya mvua. Anaulizwa, "Katika hali hiyo, umewezaje kuamka leo ukamwogesha mtoto, ukaja hapa?" Kisha anasikilizwa mpaka mwisho. Wanaoilaumu njia hii kwamba inaruka machungu ya watu wanasema kweli pale inapofanywa na mtu mwenye haraka.

Je, inafaa kweli? Mwaka 2013 Wallace Gingerich na Lance Peterson walikusanya tafiti 43 zilizoipima njia hii kwa kuilinganisha. 32 kati yake zilionesha faida ya wazi. Si dogo hilo, na si ithibati kwamba itafaa kila nyumba.

Na kuna nyumba ambazo haitakiwi kuingia kwanza. Nilisema afisa alizungumza na kila mmoja peke yake kabla ya kuwakalisha pamoja. Sababu ni kipigo. Binti anayepigwa hatasema mbele ya anayempiga, na akiulizwa mbele yake "wewe ulifanya nini siku ile mambo yakawa mazuri?" tumeshamtwika yeye jukumu la kutopigwa. Hilo ni dhulma. Palipo na udhalilishaji, kazi ya kwanza ni usalama: vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyoko hospitali, vinavyowahudumia waliodhalilishwa, Polisi, na mahakama maalumu za makosa hayo. Mtoto akiwa hatarini ipo simu ya bure 116. Vivyo hivyo binti mwenyewe akiwa na umri chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamtambua huyo kuwa ni mtoto, hata kama ana mtoto mgongoni. Hapo afisa ana wajibu wa kulinda kabla ya wajibu wa kusikiliza ndoa.

Yapo na mengine ambayo swali zuri haliyamalizi. Mama aliyejifungua na tangu hapo halali usingizi, hali chakula, analia pasipo sababu au haoni raha kwa mwanawe, anaweza kuwa na sonona ya baada ya kujifungua. Apelekwe hospitali, asiambiwe ameota kiburi. Baba anayeweza kutoa matunzo na hataki, kuna Mahakama ya Kadhi, ambayo sasa inaongozwa na Sheria Namba 9 ya mwaka 2017. Binti asifanywe kwamba akidai haki ameharibu mazungumzo. Na pale ambapo kweli hakuna kitu ndani, umasikini hautatuliwi kwa tawi la nne la mkarafuu.

Niseme neno pia kuhusu wazazi vijana ambao hawakuoana, kwa kuwa tunapenda kuwasahau. Sheria yetu ya mwaka 1985 iliweza kumfunga jela binti aliyepata mimba nje ya ndoa. Mwaka 2005 ilibadilishwa na kifungo hicho kikaondoka, lakini aibu imebaki majumbani. Wawili hao nao wana mtoto mmoja baina yao. Kadhalika walioachana. Katika talaka rejea sharia inamtaka mke akae eda yake nyumbani kwa mume, ingawa wengi wetu tunamrudisha binti kwao siku ile ile. Warudiane au wasirudiane, kuna mtu mdogo atakayehitaji kujua Ijumaa atakuwa wapi. Kwa hao swali linabadilika: mtajuaje kwamba mnalea vizuri nanyi mko nyumba mbili? Nimeona ni swali linalopokelewa kwa utulivu kuliko lile la ndoa, kwa sababu halimtaki mtu akubali kwamba alishindwa.

Na wazee wetu? Sioni haja ya kuwaondoa kwenye mkeka. Mama mkwe anaweza kuulizwa: "Wewe bibi, umeshawahi kuwaona wanasikilizana? Ulifanya nini siku hiyo?" Akijibu kwamba alikwenda msibani, atakuwa amejijibu mwenyewe, na hakuna aliyemvunjia heshima. Sheha na mashenga wanaweza kufungua kikao kwa swali la nafuu na bado wakamaliza kwa dua. Waamuzi wawili wa aya ile hawakuagizwa waanze na mashitaka.

Kikao cha pili kina ufunguzi wake maalumu, na ndio unaompa shida afisa anayejifunza. Hauanzi na "mmefikia wapi?" wala "bado mnagombana?" Unaanza na "Nini kimekuwa nafuu tangu tulipoonana?" Kisha mtu anatakiwa anyamaze na aamini kwamba kuna jawabu.

Wale wawili wa Micheweni wamerudi baada ya wiki mbili. Afisa ameuliza.

"Hakuna kikubwa," anasema kijana.

"Na kidogo?"

Binti anamrekebisha mtoto mapajani. "Juzi alisimamisha pikipiki kule nje, kwenye muembe. Akaniita. Nikatoka na mtoto. Akanambia pale pale, hesabu imetoka, na ya unga ipo. Nikamwambia haya, njoo ule."

"Ulijuaje kumwita nje?" afisa anamuuliza kijana.

Anatazama chini, halafu anamtazama mkewe. "Ndani mama yupo. Nikaona kule hatusikiki."

Mkewe anacheka, mara ya kwanza mbele ya mtu mwengine tangu waanze kuja, na mtoto naye anageuza kichwa kutazama kinachochekwa.